Kuvuna machungwa na maembe ya ziada: namna ya kuwarudisha vijana wote nyumbani salama

Bei ya machungwa ikianguka Muheza, hufika mahali ambapo kumlipa mtu wa kuangua ni ghali kuliko pesa itakayopatikana kwenye gunia. Hapo mkulima huacha. Machungwa yanaiva, yanadondoka na kuoza chini ya miti, wakati Tanga mjini, chini ya saa moja kwa gari, kuna vituo vya watoto ambavyo vingeyapokea kwa mikono miwili. Maembe ya Mkuranga nayo hupatwa na hayohayo mwishoni mwa mwaka, malori yakishajaa. Ndiyo maana vijana wa misikiti, makanisa, skauti na vyuo huomba ruhusa ya kuingia mashambani, kuvuna kilichobaki na kukigawa.

Kazi hii naipenda, na nataka iongezeke. Lakini anayeifanya mara nyingi si mkulima. Mwenye shamba anajua mti upi una nyuki, kisima kilichoachwa kiko wapi na juzi alipuliza dawa gani. Hasemi, kwa sababu kwake ni mambo ya kila siku. Mgeni anapita palepale bila kuona kitu. Kwa hiyo mratibu ana kazi moja kubwa: kuyatoa hayo yote kichwani mwa mwenyeji kabla kijana wa kwanza hajashuka kwenye gari. Mwongozo huu ni wa mratibu huyo.

Hatua ya 1: Litembee shamba pamoja na mwenyewe

Nenda siku mbili tatu kabla. Simu haitoshi. Kwenye simu kila shamba ni zuri na halina shida.

Swali la dawa ndilo la kwanza. Usiulize "mnapiga dawa?" maana utajibiwa "kidogo tu". Uliza: mara ya mwisho ulipuliza lini, dawa gani, na chupa yake iko wapi? Kisha soma lebo kwa macho yako. Tafuta mambo mawili. Kwanza ni siku za kusubiri kabla ya zao kuvunwa na kuliwa. Pili ni muda wa kusubiri kabla ya mtu kuingia shambani bila vifaa vya kujikinga. Fuata ule ulio mrefu zaidi. Chini ya lebo nyingi kuna mkanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha bluu, na kijani ni yenye ukali mdogo. Kijani si ruhusa ya kuzoea. Nayo ni sumu. Lebo ikikushinda, mwombe afisa ugani wa kata akusomee, wengi wao hufanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

Ikiwa chupa haipo, au aliyepuliza alikuwa kibarua na hakuna anayekumbuka tarehe, liache shamba hilo. Najua inauma kuacha tani za matunda. Matunda hayo pia yangekwenda kuliwa na watoto, kwa hiyo hapa huwalindi wavunaji peke yao.

Uliza na jirani. Ukikuta bustani ya nyanya upande wa pili wa njia, fahamu kwamba nyanya hupulizwa mara kwa mara na upepo hautambui mpaka. Panga naye siku ambayo hatapuliza. Angalia pia vidumu na chupa zilizozagaa: chombo kilichowahi kuwa na dawa kisichotewe maji ya kunywa wala ya kunawa, hata kama kimesuuzwa mara kumi.

Baada ya dawa, endelea kutembea na uulize huku ukionyesha kwa mkono. Pale kwenye majani marefu pana shimo? Choo cha zamani kilikuwa wapi? Kuna mizinga juu ya miti? Upupu umeota upande gani? Mbwa wa jirani hufungwa? Nyaya za umeme zinapita juu ya mti upi? Funga kitambaa chekundu kwenye kila mti usioguswa na kila mahali pasipokanyagwa. Kitambaa kinakumbusha hata wakati mratibu yuko upande mwingine.

Hatua ya 2: Kijiji kijue

Kundi la watu wasiofahamika, wenye magunia, likionekana alfajiri ndani ya shamba la mtu, linaweza kuitiwa mwizi. Na kelele za mwizi hazisubiri maelezo. Mimi naliweka jambo hili juu kabisa katika orodha ya hatari, sawa na nyoka na ngazi, ingawa miongozo mingi hailitaji.

Pata barua fupi ya mwenye shamba yenye jina lake, mahali shamba lilipo na tarehe. Ipitishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, nao waweke sahihi. Piga hodi kwa majirani wa pande zote. Vijana wavae vizibao vya kuakisi mwanga au fulana za rangi moja, na mwenye shamba awepo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akisema "ingieni tu, mimi niko mjini", mwombe amtume ndugu anayefahamika pale. Kama shamba ni la urithi, uliza kwa upole ikiwa wote wenye haki nalo wanajua. Ugomvi wa ndugu ukilipukia shambani, watakaoumia ni wageni.

Hatua ya 3: Jua utamkimbiza mtu wapi

Pigia simu zahanati ya karibu, kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Uliza wazi: leo mnayo dawa ya kupinga sumu ya nyoka? Si kila kituo kinayo, na kuzunguka na mgonjwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine kunamaliza saa ambazo hana. Andika majina ya vituo, namba za simu na njia ya kufika, bandika karatasi hiyo ndani ya gari. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto na uokoaji, lakini ukiwa ndani kijijini msaada wa haraka ni gari lako mwenyewe. Libaki na mafuta, limegeuzwa kuelekea barabarani, na dereva asivune.

Awepo angalau mtu mmoja aliyesomea huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo hayo. Sanduku lake liwe na bendeji pana za kufungia banzi, glovu, sabuni, maji safi ya kuoshea macho, pakiti za ORS, kibano, selotepu na mkasi.

Hatua ya 4: Wajue watu wako

Muulize kila mmoja faraghani, siyo kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wote. Mwenye selimundu anaweza kuvuna, lakini jua kali na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mpe kazi ya kivulini na umhimize anywe. Mwenye kifafa asipande ngazi. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, siyo kwenye begi lililobaki garini. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki asiingie kwenye shamba lenye mizinga. Mjamzito akae mbali na shamba lolote lililopulizwa msimu huo. Kazi ya kuhesabu na kugawa ipo na ni muhimu vilevile. Waulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu mwiba wa mchungwa na udongo ni njia yake kabisa.

Walio chini ya miaka 18 waje na ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na kazi yao iwe chini: kuokota, kuchambua, kupanga. Hakuna ngazi wala panga.

Kuhusu mavazi: suruali ndefu, mikono mirefu, kofia, na viatu vilivyofunika mguu wote, gambuti zikipatikana. Anayevaa dera au baibui avae suruali ndani na alifunge juu, na ncha za mtandio azichomeke, maana tawi moja tu linatosha kumvuta mtu kutoka kwenye ngazi. Aliyekuja na ndala asirudishwe kwa kuaibishwa. Akae kwenye turubai la kuchambulia.

Hatua ya 5: Maneno ya asubuhi

Yasizidi dakika 10, tena mkiwa mmesimama shambani. Onyesha vitambaa vyekundu, gari la dharura, maji, choo. Wagawe wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kumwangalia. Waambie jambo moja ambalo lazima litoke kinywani mwa mratibu mwenyewe: hakuna idadi ya matenga tunayotakiwa kufikisha. Vijana wanaojitolea hujisukuma kuliko vibarua, kwa sababu wanawaza watoto watakaokula. Wasiposikia wazi kwamba wanaweza kuacha, hawataacha.

Hatua ya 6: Juu ya mti

Anayejitolea hapandi mti. Huo ndio msimamo wangu na siulegezi, hata kwa kijana anayeapa kwamba amekulia kwenye miembe. Mwembe wa dodo wa miaka mingi una urefu wa nyumba ya ghorofa kadhaa, na tawi linaloonekana zima huenda limeliwa na mchwa ndani. Kama matunda mazuri yako juu, mtafuteni mkwezi wa palepale kijijini na mumlipe kama kawaida yake. Ya juu kabisa yabaki. Ndege nao wanakula.

Kwa yaliyobaki tumieni upembo: mwanzi mrefu wenye ndoano na mfuko wa neti chini yake, tunda likikatika linaingia mfukoni. Usitumike karibu na nyaya za umeme. Mwanzi mbichi au uliolowa umande hupitisha umeme, na bomba la chuma ni kifo kabisa. Mti ulio chini ya nyaya hauvunwi, basi. Ikitokea mtu amenaswa, asiguswe na yeyote. Watu wasogee mbali, apigiwe TANESCO akate umeme.

Machungwa mengi hufikiwa kwa ngazi fupi. Ngazi za mbao za kijijini zikaguliwe kipago kwa kipago kabla ya kutumika: simama kwenye kila kimoja kikiwa karibu na ardhi, tikisa misumari, tazama nyufa. Ukiiegemeza, kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka kwenye shina. Ifunge kwa kamba kwenye tawi nene, na mtu mmoja aishike chini muda wote. Anayepanda awe na mfuko wa kuvaa begani ili mikono yote iwe huru, na kitovu chake kisivuke miimo ya ngazi. Chungwa likiwa mbali, ashuke, ngazi isogezwe. Ajali nyingi za ngazi huanzia kwenye lile tunda moja la "nakaribia kulifikia". Miba ya mchungwa ipo usawa wa macho, kwa hiyo miwani ya kukinga macho ivaliwe, hata ile ya bei nafuu ya mafundi.

Chini ya mti unaoanguliwa asikae mtu. Zungusha kamba kuonyesha eneo. Aliye na upembo aite "Naangua!" na asianze mpaka ajibiwe "Salama!" Embe dodo likitoka juu linaweza kumvunja mtu pua. Wanaookota waingie baada ya kuangua kusimama, siyo katikati.

Na maembe yana utomvu. Kikonyo kikikatika karibu na tunda, unaruka nje na kuunguza ngozi. Ukiingia jichoni ni maumivu makali. Acha kikonyo kirefu kidogo, elekeza tunda mbali na uso, vaa glovu. Utomvu ukigusa mwili, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi.

Hatua ya 7: Wenye shamba wengine

Sisimizi waitwao maji moto utawaona kabla hawajakuuma ukijua pa kutazama. Majani mabichi yameshonwa pamoja kwa utando mweupe, kama mpira mdogo katikati ya tawi, na sisimizi wa rangi ya kahawia nyekundu wanapita kwenye shina kwa mstari. Ukiligusa tawi hilo wanamiminika mikononi na shingoni kwa pamoja, na mtu aliye kwenye ngazi huachia mikono yote ili ajipangusie. Hatari iko hapo, kwenye kuanguka. Mti wenye viota usipandiwe ngazi. Wala msiwapulizie dawa wala kuwachoma moto: sisimizi hawa huwinda wadudu waharibifu wa korosho, maembe na machungwa, na mkulima anayewajua huwathamini.

Upupu ukikauka, vinyweleo vyake hupeperushwa na upepo. Aliyepatwa asijikune, maana kujikuna kunavizamisha na kuvisambaza. Avue nguo kwa uangalifu, bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua ili inase vinyweleo, kisha aoge kwa maji mengi.

Nyuki wakichafuka, kila mtu akimbie, afunike uso kwa nguo, aingie ndani ya gari au nyumba na kufunga. Asisimame kuwapiga, asijitose kwenye maji, wanamsubiri juu. Miiba iondolewe upesi kwa kukwangua kwa ukucha. Aliyechomwa mara nyingi, au anayevimba midomo na kuhema kwa shida, apelekwe hospitali wakati huohuo.

Nyoka hutaka kutuepuka, tumwachie nafasi. Kabla ya kuingiza mkono kwenye rundo la majani au magogo, gonga kwa fimbo. Kifutu hulala tuli, rangi yake ikifanana na majani makavu, na watu humkanyaga. Kwenye miembe na minazi ya pwani yuko pia nyoka wa kijani mwenye sumu kali. Kila nyoka wa kijani achukuliwe kuwa ni huyo. Fira akitema sumu machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Aliyeumwa alale, atulizwe. Mvue pete na bangili, funga banzi kwenye kiungo kilichoumwa ili kisitingishike, mbebe hadi kwenye gari. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke jiwe la nyoka. Najua jiwe hilo linaaminiwa na wazee wetu ninaowaheshimu, lakini halitoi sumu, na muda unaopotea likiwa limebandikwa haurudi. Nyoka asifukuzwe wala kuuawa ili apelekwe hospitali. Maelezo ya umbo na rangi, au picha iliyopigwa kwa mbali, yanatosha.

Hatua ya 8: Jua

Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa 5. Kila mtu anywe kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Hesabu yake: watu 20 kwa saa 4 wanahitaji lita 60 hadi 80, yaani madumu matatu mpaka manne ya lita 20. Msitegemee kisima cha shambani wala kula machungwa badala ya maji, hasa kabla ya kuoshwa. Mfungo wa Ramadhani ukiangukia msimu, wafungaji wafanye kazi za kivulini kwa saa chache za mwanzo, au siku isogezwe.

Anayeacha kutoa maana katika maneno yake, anayeyumba, au ambaye ngozi yake ina moto sana, amezidiwa na joto. Kivulini mara moja, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, gari liwashwe. Mate mengi, jasho jingi, mboni ndogo za macho, kutapika na kutetemeka huashiria dawa za shambani. Vueni nguo zake mkiwa na glovu, mwosheni kwa sabuni, msimtapishe wala kumnywesha maziwa, na lebo ya ile dawa iende naye hospitali.

Hatua ya 9: Mzigo na safari

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku kisheria, na hata isingekuwa hivyo isingetufaa. Tumia kreti au matenga yasiyozidi kilo 20 yakijaa. Kizito zaidi ya hapo kibebwe na wawili, kwa kupiga magoti, siyo kupinda mgongo.

Watu na mzigo hawapandi gari moja. Mwisho wa siku, kila mtu amechoka, na kirikuu lipo pale limejaa machungwa, linaonekana kama kiti. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo mzigo ukihama, walio juu yake ndio hutupwa kwanza. Tenga nauli ya kuwarudisha watu kabla ya nauli ya kusafirisha matunda. Pesa ikitosha kimoja tu, matunda yabaki.

Hatua ya 10: Kabla na baada ya kuachana

Hesabu watu kwa majina, siyo kwa vichwa. Wote wanawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula chochote, na nguo za shambani zifuliwe peke yake. Kesho yake mpigie kila mmoja: mwiba uliobaki, jicho jekundu, mgongo, kichefuchefu. Wengi huficha maumivu kwa kuona haya, wakidhani wanalalamikia sadaka.

Kisha andika yaliyotokea na yaliyokaribia kutokea, kwa mchoro wa shamba: mti wa nyuki, kipago kilicholegea, shimo lililofunikwa na majani. Nakala moja mpelekee mwenye shamba pamoja na shukrani, nyingine kiongozi wa kundi litakaloingia shamba hilohilo msimu ujao.